Alhamisi ya Nne

Miaka minne Generosa alipiga deki ofisi moja ya Wamarekani katikati ya London. Alipanda basi la alfajiri kutoka Woolwich, na wafanyakazi walipoanza kuingia, yeye alikuwa anatoka. Kupiga deki si aibu. Lakini Generosa alikuwa mpishi hasa, tangu kwao Bukoba, na kila alipoona sufuria mikono ilimwasha.

Novemba ya mwaka 2000 mlango ulifunguka. Bi Carol, meneja wa ofisi ile, alikuwa ameonja sambusa zake. Akamwomba apike chakula cha mchana cha Thanksgiving, yaani Siku ya Shukrani, kwa watu ishirini. Alimwambia wazi kwamba kikipendeza, jiko la ofisi litakuwa lake kuanzia Januari. Generosa alikubali papo hapo. Tarehe hakuuliza. Aliogopa kuonekana mshamba, sasa ona!

Nyumbani alimuuliza mumewe, Nickson, na Nickson ni bingwa wa kujua kila kitu. Akasema sikukuu hiyo ni Alhamisi ya mwisho wa Novemba, hakuna ubishi. Kwani hapa Uingereza mapumziko ya Agosti si Jumatatu ya mwisho? Na ya mwisho wa Mei je? Basi na Wamarekani ni hivyo hivyo. Generosa akazungushia duara tarehe 30 kwenye kalenda ya jikoni. Akaweka bata mzinga wawili kwenye friza, akatulia.

Jumatatu tarehe 20 jioni, Teresia alikuja kurudisha sufuria. Huyu ni jirani Mkenya wa ghorofa ya chini, mfanyakazi wa maktaba, na zamani alisoma Marekani. Aliliona lile duara, akaitua sufuria polepole.

“Mama Jacqueline, tarehe thelathini kuna nini?” alimuuliza Generosa.

Generosa akaeleza kwa fahari. Teresia hakucheka. Alisogea kwenye kalenda akahesabu Alhamisi kwa kidole: tarehe mbili, tisa, kumi na sita, ishirini na tatu.

“Sikukuu yao ni Alhamisi ya nne, dada. Novemba hii ina Alhamisi tano. Chakula chako ni Alhamisi hii.”

Generosa akakaa kitini kama mzigo. Machozi yakamlenga. Aliliona jiko likimponyoka, na ndoo ya deki ikimsubiri miaka mingine minne. Nickson naye akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli sebuleni.

“Usilie,” Teresia alisema. “Wamarekani wenyewe waligombania tarehe hii.”

Akamsimulia. Mwaka 1621, Waingereza waliohamia Marekani walivuna mavuno yao ya kwanza. Nusu yao walikuwa wamekufa majira ya baridi. Wenyeji, watu wa Wampanoag, waliwafundisha kupanda mahindi, wakala pamoja siku tatu. Baadaye wenyeji walinyang'anywa ardhi, ndiyo maana wapo wanaoikumbuka siku hiyo kwa huzuni. Mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Lincoln alitangaza siku ya shukrani ya taifa zima, Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano. Rais Roosevelt akairudisha sikukuu nyuma wiki moja, wenye maduka wauze zaidi kabla ya Krismasi. Majimbo mengine yakakataa, na nchi ikawa na sikukuu mbili! Ndipo mwaka 1941 sheria ikaamua: Alhamisi ya nne.

“Na hawa ndege?” Generosa aliuliza. “Ni mawe matupu.”

Teresia akapima kwa macho: kilo tano tano. Akasema wahamishwe kwenye friji sasa hivi, juu ya sinia, rafu ya chini. Kila kilo mbili huyeyuka kwa siku moja, kwa hiyo Alhamisi asubuhi watakuwa tayari. Wasiachwe mezani, maana nyama ya nje huharibika ndani kukiwa bado barafu. Mmoja ataokwa kwa Generosa, wa pili kwake.

Kesho yake kazini Generosa alimuuliza Bi Carol siku na saa. Hakuona haya tena. Akajibiwa: Alhamisi hii, saa saba mchana.

Alhamisi, saa saba kasoro kumi, meza ya ofisi ilijaa: bata mzinga wa rangi ya dhahabu, viazi, pai ya boga. Na kwa kuwa ni sikukuu ya mavuno, akaongeza ndizi za kupika za kwao, zilizonunuliwa sokoni Woolwich. Ndizi ndizo zilizokwisha kwanza.

Desturi ni kila mtu kutaja anachoshukuru. Zamu zilipokwisha, Bi Carol alivuta kiti cha pembeni yake. Generosa akaketi, kwa mara ya kwanza, katika chumba alichokisafisha miaka minne.

“Namshukuru jirani yangu,” alisema, “aliyenifundisha kuhesabu Alhamisi.”

Wakapiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Bi Carol akamkabidhi ufunguo wa jiko pale pale.

Januari Generosa alitundika kalenda mpya ndani ya jiko lile, sikukuu zao zote zimezungushiwa duara. Jumatatu ya tatu ya Januari, kumkumbuka Martin Luther King. Jumatatu ya mwisho ya Mei, kuwakumbuka waliokufa vitani. Tarehe nne Julai, uhuru. Nickson alikuja kupigilia msumari tu, na ushauri hakuombwa.

Kisha Generosa akafunga aproni. Sakafu ilikuwa imeshapigwa deki. Akamshukuru aliyeipiga, kwa jina lake, akawasha jiko.