Usiiache Sabufa Kimya

Jua lilikuwa linazama Mama Disko alipopiga hodi kwenye nyumba ya mwisho ya mtaa, amefuata sabufa iliyokuwa ikiuzwa.

Kazi yake ilikuwa kupiga muziki kwenye sherehe ndogondogo. Alikuwa na mikisa moja ya kuchanganyia nyimbo na spika mbili za bei rahisi, nyepesi kubeba, zenye sauti nyembamba kama nzi aliyefungiwa koponi. Wateja walishaanza kumtania. "Muziki wako unaishia masikioni, Mama Disko. Kifuani haufiki!"

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwembamba. Nyuma yake, sebuleni, mumewe alikuwa ameketi, skafu shingoni. Mama Disko akamsalimu. Yule bwana hakujibu. Aliweka kidole mdomoni, akatikisa kichwa taratibu.

"Mwache," mkewe alinong'ona. "Koo linamsumbua."

Sabufa ilikuwa kwenye kona, imefunikwa shuka. Boksi jeusi, zito, lenye amplifaya yake humohumo ndani. Lilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Ukiiwasha, weka wimbo," yule mwanamke alisema. "Usiiache kimya."

"Kwa nini?"

"Ikikosa cha kusema... inasema yake."

Mama Disko alicheka. Wauza vitu vilivyotumika hawaishiwi maneno.

Nyumbani alikuwa akiishi na mama mkwe wake. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Bibi huyo alikuwa kiziwi kwa miaka mingi, akisoma midomo ya watu. Lakini mdomo wake mwenyewe haukujua likizo. Aliongea na sufuria, akagombana na ufagio, akamtania mkwewe kutwa nzima. Nyumba ilijaa sauti yake.

Mama Disko aliunganisha waya kutoka kwenye mikisa, akachomeka umeme, akaweka wimbo. Besi ikatoka, nene, tamu. Vikombe vikatetemeka kabatini.

Mama mkwe alishika kifua. Macho yakamtoka.

"Nimesikia!" akapiga kelele. "Mwanangu, nimesikia!"

Wakakumbatiana wakicheka na kulia. Kisha Mama Disko akasimamisha wimbo ili asogeze spika.

Kimya.

Mmm...

Akadhani ni waya mbovu. Akauchomoa. Mngurumo ukaendelea. Akachomoa na umeme ukutani. Taa ya sabufa ikazimika.

Mmm... mmm...

Kitambaa cha mbele kilikuwa kinaingia na kutoka, kinaingia na kutoka, kama kifua cha mtu aliyelala. Harufu ya udongo ikajaa chumba.

Mama mkwe alikuwa ameshapiga magoti, kiganja juu ya boksi, anatabasamu.

"Kuna mwanamume humu," alisema. "Ananiita. Ananiita jina langu la utotoni."

"Mama, usiitike!"

Lakini bibi hakuwa anamtazama mdomo.

"Abee!"

Mngurumo ukakatika.

Mama mkwe aligeuka, akataka kusema kitu. Midomo ikacheza. Hakikutoka hata kikohozi. Akashika koo kwa mikono miwili, akimtazama mkwewe kama mtoto aliyepotea sokoni.

Asubuhi Mama Disko alikodi mkokoteni, akairudisha sabufa mbio. Aliyefungua mlango alikuwa yule bwana, bila skafu.

"Karibu," alisema.

Sauti nzito. Ya chini. Mama Disko aliijua palepale. Ndiyo iliyonguruma sebuleni kwake.

"Nani ameitika?" bwana akauliza, macho chini.

"Mama mkwe wangu. Mlijua?"

"Mimi niliitikia sauti ya fundi mmoja. Yeye sijui alimwitikia nani. Sauti ya kwanza kabisa hatuijui." Akaitazama sabufa mkokotenini. "Mwili wangu ulikaa hapa, sauti ikawa mle. Na mle ndani, dada, hakuna unachoweza ila kuita. Hutaki, lakini unaita."

"Nitaivunja!"

"Usithubutu. Sauti ya mkweo imo humo."

Mlango ukafungwa.

Alirudi nayo. Angefanya nini? Tangu hapo muziki haukuzimwa, mchana na usiku. Majirani walilalamika, aliomba radhi. Umeme ukikatika, alitumia betri. Mama mkwe alikaa pembeni ya boksi, kiganja juu yake, akitikisa kichwa kila mara, kana kwamba anaikataza sauti yake mwenyewe. Mumewe alipopiga simu, Mama Disko alishindwa pa kuanzia. Akamwambia tu mama anaumwa koo.

Jioni moja alikuwa uani anaanua nguo. Ghafla akasikia muziki umekatika.

Akadondosha nguo zote, akakimbia ndani.

Mumewe alikuwa amesimama sebuleni, begi bado begani, mkono kwenye mikisa. Amerudi bila kutoa taarifa.

"Kelele gani hizi, na mgonjwa yumo..." Akageuza shingo.

Sauti ilikuwa inatoka kwenye boksi. Laini. Ya mama anayemwamsha mtoto wake.

Ikamwita kwa jina.

Mama mkwe, mbele yake, alikuwa anapunga mikono yote miwili. Kitambaa cha sabufa kilikuwa kinaingia na kutoka. Mama Disko aliruka kumziba mumewe mdomo, akajikwaa kwenye waya, akaanguka.

"Mume wangu, usi—"

"Naam, mama," mumewe akasema.

Mngurumo ukakatika.

Na palepale mama mkwe akapiga ukelele, kwa sauti yake mwenyewe, kamili, iliyojaza nyumba nzima:

"Mwanangu, usiitike!"