Maanguko ya Kipigwa

Kipigwa kilipokea teke la kifua, kikatokea dirishani ghorofa ya kwanza, kikaipasua meza ya muuza chipsi hapo chini na kutulia kifudifudi. Weee! Watu wote wakapiga makofi. Kabla vumbi halijatua, mtambo ule ukajikusanya, ukainuka, ukapanda ngazi kurudi mahali pake, tayari kupigwa tena.

Hicho ndicho kilichoifufua sinema ya mapigano pale Tanga. Kipigwa ni roboti lenye umbo la mtu, ngozi ya mpira na ubongobandia uliofundishwa jambo moja tu: kupigwa. Hakivunjiki, hakidai posho, na ukishakivisha shati hakuna mtazamaji anayekitambua. Hata mtengeneza filamu mwenye mfuko uliotoboka, kama Sikudhani Mkwizu, aliweza kukikodi kwa siku moja.

Na siku yenyewe ndiyo hii. Jua likizama, gari la kampuni inayokikodisha linakuja kukichukua, na pambano la mwisho bado halijapigwa picha. Bila pambano hakuna filamu, na bila filamu kikundi chake kinavunjika. Lakini Sikudhani hakuwa na wasiwasi. Mwanamke aliyewahi kutengeneza vita vya majini ndani ya beseni, utamtisha na nini?

"Nuru, safari hii teke lianzie nyongani," alimwambia mpiganaji wake mkuu, binti mfupi mwenye miguu isiyotulia. "Na uso huo! Umekasirika, hujavimbiwa."

"Sawa, dada."

Teke likaenda, Kipigwa kikaanguka chali sakafuni. Nuru, kwa mazoea tu, akainama akakipa mkono. Katika kikundi chao ilikuwa desturi: ukimwangusha mwenzako, wewe ndiye unayemwinua. Kwa mtambo walikuwa wameiacha tangu asubuhi, maana nani anainua mashine inayojiinua yenyewe?

Kipigwa kikaushika mkono ule. Kikasema kwa sauti ya mkwaruzo, "Taratibu, mwanangu. Kiuno hicho."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sikudhani hakucheka. Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyomfundisha kuanguka, sauti ya Mwalimu Chande, aliyeacha filamu ghafla akarudi kwao Handeni akisema amechoka, anakwenda kulima.

Akampigia simu ya taswira. Chande alitokea amelala, shuka mpaka kifuani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Siku. Bado unawapiganisha watoto wa watu?"

"Mwalimu, kumbe Kipigwa ni wewe?"

"Watu wa kampuni walinivalisha nguo ya vipimo, inayosoma kila msuli na kunasa kila neno. Wakasema nikiangukia magodoro, mtambo utajifunza uongo. Basi nikaangukia saruji. Nilidhani bado nina mwili wa ujana." Akajaribu kucheka. "Mara ya mwisho nilinyoosha mkono niinuliwe. Wale hawakuijua desturi yetu, wakabaki wanatazama vioo vya kompyuta zao. Tangu siku ile miguu hainisikii."

Sikudhani akakigeukia Kipigwa. "Nakizima sasa hivi. Filamu na ife!"

"Thubutu! Nimevunja mgongo kwa maanguko yale, nawe unataka kuyatupa? Hebu niambie kwanza, naanguka vizuri?"

"Hakuna anayekufikia, mwalimu."

"Basi piga picha. Ila msiniache chini."

Sikudhani akafuta macho, akaisimamisha simu juu ya kasha ili Mwalimu aone kila kitu, kisha akawaeleza wenzake habari yote. Hakuna aliyecheka tena. Wakalipiga pambano zima, na kila Kipigwa kilipoanguka, kazi ilisimama mpaka kiinuliwe. Nje gari la kampuni lilifika likapiga honi weee, wakaliacha lipige.

Likabaki teke la mwisho. Mswada ulimtaka Nuru ageuke aondoke zake, amwache adui sakafuni. Alipoanza kugeuka, Sikudhani akamzuia.

"Rudi umwinue. Kamera isizimwe."

Nuru akarudi, akakinyooshea Kipigwa mkono.

"Taratibu, mwanangu," kikasema. "Kiuno hicho."

Sikudhani akaitupia jicho simu. Kule Handeni, Mwalimu Chande naye alikuwa ameutoa mkono wake ndani ya shuka, ameunyoosha juu, anasubiri.