Samaki wa Frigo Penye Mawe ya Wagenia

Kila neno nitakalowaambia ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu yote, na kwa kuwa yaliyobaki si mengi, kila moja lina uzito wake. Mambo haya yalitokea hapa hapa Kisangani, na atakayeninasa na uongo hata mmoja, nitamlisha yeye na meza hii nzima liboke, samaki aliyefungwa kwenye majani, mpaka mshindwe kuinuka. Na yule mama mpya wa majiko huko nyuma yangu apunguze moshi kidogo. Nataka nisikike.

Basi.

Mwanamke alikutwa amelala kifudifudi juu ya mawe, pale Wagenia wanaposimika miti yao ya kutegea samaki kwenye maporomoko. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kesho yake fainali ya mpira. Mto ulinguruma hata watu wakawa wanaongea kwa mikono. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Kando yake palikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu samaki mmoja.

Inspekta Urbain alifika kwa miguu, maana pikipiki ya polisi ilikuwa imegoma tena. Huyu alikuwa mtu asiyejua kutulia. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, funguo zinalia mfukoni. Mke wake alisema hata akilala anapiga doria.

"Amekufa?" aliuliza.

"Anapumua." Mzee mmoja Mgenia aliyepiga magoti pale hakuinua kichwa. "Mimi njo papa yake. Noël. Huyu ni Laurette wangu."

Funguo za Urbain zikanyamaza. Laurette alikuwa mke wa Glodi, na Glodi alikuwa mshambuliaji wa Kapiteni FC. Mji mzima ulimpenda Glodi. Urbain mwenyewe, kila wikiendi ya mechi, alivaa jezi ya Kapiteni ndani ya shati la polisi. Hata asubuhi ile alikuwa nayo mwilini.

Kabla ya machela kufika, alifika Papa Alphonse, rais wa Ligi ya Mto, na tai shingoni.

"Pole sana, Papa Noël. Ameteleza, masikini. Alikuja kuchukua samaki. Haya mawe ni sabuni."

"Umejuaje kwamba alikuja kuchukua samaki?" Urbain aliuliza.

"Inspekta, kikapu hiki hapa! Hata mutoto anaona."

"Na nani alikuita?"

"Ligi ni familia. Familia haiitwi." Alphonse akamshika bega, akamsogeza pembeni. "Bon. Andika ajali, funga jalada, kesho tucheze."

Haraka yake Urbain aliielewa. Mwaka ule Ligi ya Mto ilikuwa imetangaza kanuni mpya kwa ngoma na kamera: mchezaji mwenye jalada polisi kwa kumpiga mke wake hachezi mpaka kesi iishe. Waliibandika kwenye geti la uwanja kwa herufi kubwa nyekundu: MKONO UNAOMPIGA MWANAMKE HAUGUSI KOMBE. Watu walipiga makofi. Lakini tangu siku hiyo hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa amefunguliwa jalada. Ama wachezaji wote walikuwa wamegeuka malaika, ama kulikuwa na kitu.

Akaamuru kikapu kipelekwe kituoni kama kielelezo, akaifuata machela.

Hospitalini, Daktari Sandrine alimwonyesha mkono wa Laurette, juu ya kiwiko.

"Umeona hizi alama?"

"Si za kuanguka?"

"Ameanguka, ndiyo. Lakini kabla ya kuanguka ameshikwa na kuvutwa. Mwamba unavunja, Inspekta. Mwamba hauna vidole."

Kisha akainua miguu ya mgonjwa. Visigino vilikuwa vimechubuka, na michubuko imejaa udongo mwekundu. Pale Wagenia ni mawe na maji. Udongo mwekundu ni wa uani kwa watu.

"Ameburutwa," Urbain alisema.

"Hilo ni neno lako. Mimi nitaandika visigino."

Laurette akafungua jicho moja. La pili lilikuwa limevimba. Mlangoni alikuwa ameketi bwana mmoja wa klabu, na mfuko wa machungwa magotini, eti amekuja kumwona mgonjwa. Hakuwa amemenya hata chungwa moja.

Urbain aliinama. "Nani alikupiga?"

"Jumatatu tunaruka," Laurette alinong'ona. "Glodi amepata timu ya mbali. Tiketi yangu iko kwake. Kule sina papa, sina mama, sina jirani wa kusikia nikilia."

"Nitajie jina."

"Nikikutajia, na wewe ukafunga jalada kesho, nitaingia ndege pamoja na hilo jina." Jicho lile lilimtazama bila kupepesa. "Kwanza usifunge. Halafu njo nitasema."

"Sifungi."

"Bote banasemaka vile," alisema, kama mtu aliyeahidiwa hivyo na wengi, akalifumba jicho.

Urbain akatoka akitembea upesi, akarudi, akatoka tena. Nje ya geti alimkuta Papa Noël ameketi chini.

"Papa Alphonse ananiambia ataleta mbuzi," mzee alisema. "Mbuzi na kreti za bia, ya kutuliza familia. Alileta ingine mwaka uliopita."

"Mwaka uliopita? Kulikuwa na nini mwaka uliopita?"

"Walisema Laurette aliteleza bafuni."

"Na uliila hiyo mbuzi?"

"Niliila," alisema. "Lakini hii ya sasa, Inspekta, nitaila na meno gani?"

Kamanda alipiga simu mara tu Urbain alipoingia kituoni. "Umeandika ajali?" Akapiga tena. "Bado?" Urbain akaweka simu chini ya mto wa kiti, akaukalia. Simu ikawa inatetemeka chini yake kama kifaranga chini ya kuku. Hapo ndipo pua yake ilipomwita. Kikapu kilikuwa mezani, na joto la Kisangani halisubiri mpelelezi amalize kufikiri.

Alifunua jani.

Urbain alizaliwa Yanonge, kwa watu wa mto. Kabla hajajua kusoma alijua samaki. Akamtazama samaki huyu mbavuni, anavyong'aa, na ule mstari wa magamba magumu hadi mkiani. Ubavuni alikuwa amegandwa na kipande cha karatasi ya katoni.

Alicheka mpaka kiti kikaanguka, na simu nayo.

"Tomsoni!"

Ndiyo, tomsoni, samaki wa baharini, yule anayetufikia kwenye katoni akiwa mgumu kama tofali, tunayemnunua tukikosa wa mto. Samaki huyu, kwa mujibu wa rais wa ligi, alikuwa ametoka baharini, akaparamia maporomoko ya chini, akapita Kinshasa bila kuulizwa kitambulisho, akapanda mto wote mpaka Kisangani, na kwa heshima akaingia mwenyewe ndani ya kikapu cha binti wa Mgenia!

Kicheko kikakatika. Mtu alikuwa amemweka Laurette pale, na kikapu kando yake. Mtu huyo hakuthubutu kununua kwa Wagenia, kwa sababu wangeikumbuka sura yake. Na tena hakujua samaki.

Karibu na soko palikuwa na duka moja la frigo, la samaki wa barafu, lililofunguliwa mapema, la Mama Aïcha.

"Leo asubuhi nani alinunua tomsoni mmoja?"

"Mumoja?" Aïcha aliguna. "Batu wananunua rundo. Mumoja ni Zacharie tu, ule wa kufua jezi za Kapiteni. Alinikuta hata mulango sijamaliza kufungua. Nikamuuliza, tangu lini weye unakula samaki? Akasema ni dawa."

Jumamosi nzima iliyobaki Zacharie hakuonekana. Walikuwa wamemficha kambini pamoja na timu, geti limefungwa, na kamanda akakataa kutia sahihi hati ya upekuzi. Urbain alizunguka ile kambi hata mbwa wakamzoea.

Jumapili, uwanja ulikuwa umejaa kabla ya jua kukaa sawa. Urbain alipita mlango wa nyuma, jalada kwapani. Akamkuta Zacharie peke yake kwenye chumba cha vifaa, anakunja jezi.

"Zacharie, unapenda samaki?"

Jezi ikaanguka. "Samaki... kidogo."

"Tomsoni anavuliwa wapi?"

"Si kwenye mto?"

"Mto gani?"

"Mto... huu."

Urbain akafunga mlango kwa kisigino. "Kaa. Wewe ni mutu wa wapi?"

"Bafwasende, Papa Inspekta. Mimi niko mutu ya pori. Kwetu ni nyama. Papa Alphonse alisema, tafuta samaki, weka ndani ya kikapu. Hakusema samaki gani! Kwangu mimi samaki ni samaki!" Alianza kulia. "Nilifikiri muke amekufa. Tulipomweka kwenye mawe akaguna. Nikasema, Papa, iko muzima, tumupeleke hospitali. Akasema Wagenia watamuona."

"Mlimbeba na nini?"

"Na gari ya ligi. Ile iko na maandishi kwenye mulango."

"Maandishi gani?"

Zacharie alifuta pua kwa jezi ya kipa. "Mkono unaompiga mwanamke haugusi kombe."

Urbain alimwamuru amfuate. Kwenye korido ya vyumba vya kuvalia walikuwa wamesimama Papa Alphonse na Glodi, bega kwa bega. Glodi tayari amevaa, viatu vinagonga saruji. Juu yao jukwaa lilikuwa linaimba jina lake mpaka vumbi likaanguka darini.

"Jalada limefungwa?" Alphonse aliuliza.

"Papa Alphonse, tomsoni anavuliwa wapi?"

Rais akamtazama Zacharie, akaelewa yote. Akalegeza tai.

"Alors, sikiliza. Ile kanuni niliitunga mimi, kwa huu mukono. Niliipenda. Lakini sikujua wa kwanza atakuwa Glodi! Fainali bila Glodi ni mazoezi. Wafadhili watakimbia, ligi itakufa, na batu wote hawa watakula nini Jumapili? Tena kanuni inasema jalada, Inspekta. Haisemi ngumi. Kama jalada haiko, kosa haiko."

"Na mwanamke je?"

"Muke wake alikuwa atapona."

"Kama mwaka uliopita, bafuni?"

Urbain akamgeukia Glodi. Alikuwa amemtazama mtu huyu miaka mingi akiwa jukwaani, na hakuwahi kuona jinsi mikono yake ilivyo mikubwa.

"Sema wewe mwenyewe."

"Alikataa kupanda ndege," Glodi alisema. "Mbele ya marafiki zangu. Mie, Glodi, muke ananiambia apana mbele ya batu. Nikamshika mukono. Akajivuta. Nikapiga. Akaanguka kwenye ngazi ya uani, akanyamaza."

"Ukaita daktari?"

"Niliita Papa Alphonse."

"Kwa nini yeye?"

Glodi alionekana kushangaa kabisa kuulizwa swali kama hilo. "Sikuzote yeye njo anapanga."

"Bon," Alphonse akasema haraka, "amekiri, ni aibu, atalia, ataomba musamaha. Baada ya mchezo! Baada ya mchezo, Inspekta, mimi mwenyewe nitakufungulia mulango wa gari."

Juu, spika ikaita jina la Glodi. Jukwaa likalipuka.

Hapo sasa, ndugu zangu, ndipo mlipaswa kumwona Urbain! Alivua shati, akavua na ile jezi ya Kapiteni, akaitupa miguuni pa Alphonse. Akamfunga Glodi pingu kwenye bomba la maji. Akaruka uzio, uzio mrefu kuliko nyumba ya padri, akaenda mpaka katikati ya uwanja na jalada mkononi, akampa mwamuzi. "Hachezi!" alisema, na sauti yake ikasikika mpaka Banalia, huko mbali. Watu wote wakanyamaza. Hata mitambo ya bwawa la Tshopo ilisimama ili isikilize, ndiyo maana siku ile mji mzima ulikosa umeme. Glodi akapelekwa gerezani, Alphonse akafuata, Kapiteni wakafungwa mabao, na Jumatatu ndege ikaondoka na viti viwili vitupu—

"Tonton."

Mwiko uligongwa kwenye sufuria nyuma yangu. Nikageuka, maana Tonton, yaani mjomba, hapa ni mimi. Mama wa majiko alikuwa amesimama karibu kabisa, na moshi ulikuwa umepungua kama nilivyoomba. Mfupa wa mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungwa vibaya kidogo. Ulikuwa unatazama upande wake wenyewe.

"Tonton, Urbain aliruka uzio?"

"Aliruka," nilisema, lakini sauti haikufika hata kwenye meza ya pili, sembuse Banalia.

"Urbain alisimama kwenye korido, na ile jezi ndani ya shati, jasho inamutoka. Alikuwa anasema, baada ya mchezo, labda baada ya mchezo. Na macho yake hayakunitazama."

Aliuweka mwiko juu ya meza yetu.

"Mie nilitoroka hospitali. Yule wa machungwa alikwenda kusikiliza mpira kwenye radio. Papa yangu alinibeba mpaka geti ya uwanja, kutoka pale nilitembea. Nilikuta Urbain anatetemeka, nikatoa ile jalada kwapani mwake. Hakunikataza, kwa hiyo namushukuru. Njo nikaingia uwanjani, na plasta, na gauni ya hospitali. Hawakunyamaza, Tonton. Walinitukana. Walinitupia maganda. Nilitembea vile vile mpaka kwa arbitre. Nikamwambia, jalada hii hapa, na uso hii hapa, chagua ya kusoma."

"Na mwamuzi?" aliuliza mmoja wa meza yangu.

"Alisoma uso. Glodi hakucheza."

Nilikohoa. "Lakini hayo mengine, Mama Laurette..."

"Ingine yote ni kweli. Hata tomsoni." Alipangusa mikono kwenye kitenge, akaitazama meza nzima, watu na vinywa vyao vilivyo wazi. "Sasa lipa. Batu wako na njaa. Ya mto ao ya frigo?"

"Ya mto," nilisema upesi, nikalipia meza yote, na mbwa aliyekuwa chini yake.