Sauti Inayovaliwa

Mikono ya watu zaidi ya elfu iliinuka kwa pigo moja la ngoma, ikashuka kwa pigo la pili. Remla Shekilindi, aliyesimama jukwaani, hakuwahi kuona dansi ya namna hiyo hata enzi zake. Wafanyakazi wa karakana ya betri ya Ngarama waliucheza wimbo wake bila hata mmoja kukosea, na huku wakicheza mikono yao iliokota, ikapachika, ikafunga betri zilizopita mbele yao kwenye mkanda.

Kila mmoja alivaa gwanda-misuli. Lilikuwa vazi jepesi la kijivu, lililofumwa kwa nyuzi zinazokaza na kulegea kama misuli ya binadamu. Kola yake ilisikiliza muziki, na nyuzi zikaufuata. Mvaaji hakuhitaji nguvu nyingi, gwanda lilimbeba.

Remla alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Zamani wimbo huo, "Usiketi", ulishika namba moja kwenye chati kutoka Tanga hadi Bujumbura. Kisha zikaja mashine-tunzi, zilizomtungia kila msikilizaji wimbo wake mwenyewe kwa kufuata mapigo ya moyo wake, na waimbaji wakakosa kazi. Meneja wake akaacha kupokea simu. Remla akaimba harusini, akaimba kwenye uzinduzi wa sabuni, halafu hakuitwa tena popote. Kwa hiyo Mhandisi Rwegoshora wa karakana hiyo alipompigia simu na kumwambia kwamba huko Ngarama wimbo wake hupigwa kila siku, hakuuliza mengi. Alifungasha gauni lake la kumetameta, akapanda treni.

Muziki ulipozimwa kwa mapumziko, aliletewa mama mmoja wa makamo apige naye picha. Aliitwa Skola. Alimwamkia kwa adabu, akamwambia kuwa aliucheza "Usiketi" siku ya harusi yake. Mpiga picha alipogeuka, Skola akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa bado kinarukaruka kwa mdundo.

"Dada, nikichoka gwanda halijui," alisema kwa sauti ya chini. "Juzi mwenzangu alizirai akiwa wima. Mikono yake ikaendelea kufunga betri mpaka zamu ikaisha."

Remla akamuuliza kwa nini halivui. Skola akamwonyesha kifungo cha shingoni, akamweleza kuwa hufunguka zamu ikiisha tu.

Remla alimwendea mhandisi akiwa amefura. Rwegoshora hakukasirika, alimweleza kama mwalimu. Walikuwa wamejaribu nyimbo nyingi za mashine-tunzi, na watu walichoka upesi. Kwa sauti ya Remla, ubongo ulisahau uchovu, kwa kuwa wengi waliipenda tangu ujana wao.

"Mapenzi yale mashine haiwezi kuyatunga," alisema. "Ndiyo maana tumekuita."

Remla alirudi jukwaani akijua la kufanya. Baada ya mapumziko alipangiwa kuimba mwenyewe, na magwanda yangefuata sauti yake, si rekodi. Aliuanza wimbo kwa kasi yake ya kawaida, kisha akauvuta taratibu, ubeti kwa ubeti, mpaka ukawa kama bembelezo la mtoto mchanga. Mikono ikapoa. Magoti yakalegea. Mmoja baada ya mwingine, watu wakashuka sakafuni, wakaketi, wakaegemezana vichwa mabegani. Mkanda wa betri ukasimama. Skola alimtazama kwa muda, akafumba macho, akalala. Ilikuwa miaka mingi tangu Remla ajihisi mwimbaji.

Aliimba mpaka sauti ikamkauka. Alipoteremka alijiandaa kutukanwa, hata kukamatwa. Alimkuta Rwegoshora akitazama kioo cha mapigo, kilichoonyesha mioyo ya ukumbi mzima ikitulia kwa pamoja.

"Bi Remla, umetutatulia jambo lililotushinda," alisema kwa heshima ya kweli. "Magwanda yaliweza kila kitu isipokuwa kumlaza mtu. Ilibidi waende nyumbani kulala. Sasa tumeshairekodi sauti. Watalala humuhumu, kidogo kidogo, na zamu haitakatika."

Remla alielewa maana ya kifungo kile cha shingoni: zamu isipokatika, hakitafunguka tena. Alikimbilia jukwaani awaamshe, awaambie wakimbie kabla mlango haujafungwa, lakini koo lilitoa pumzi tupu. Mhandisi aligusa kioo. Rekodi ya zamani ya "Usiketi" ikalipuka ukumbini, changa, yenye furaha, na nyuzi zikakaza.

Skola akasimama wima, akaokota betri, akaipachika. Alikuwa bado amelala.