Maneno ya Houda Bombani

Mtu alikaribia kuuawa katika mtaa wa Buyenzi kwa sababu ya maneno ya mtoto wa miaka kumi na miwili.

Ilikuwa mwaka 1995, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kila asubuhi watu waliulizana kwanza risasi zimelia upande gani, ndipo wakawasha mkaa. Houda, mtoto huyo, aliishi jirani na Chabani, fundi wa kushona nguo za wanawake. Chabani hakuwa na mke. Tangu mapigano ya mtaa wa Kinama alikaa na mwanamume mwingine, Sylvère, ambaye hakutoka nje kamwe.

Wiki hiyo nesi Pascaline alikuja shuleni kufundisha habari za kukua. Alieleza kwamba mtu akikua, moyo wake huvutwa na wengine. Mwanamume anayevutwa na wanawake, au mwanamke anayevutwa na wanaume, kwa Kifaransa huitwa hétérosexuel. Ndio wengi. Wapo pia wanaovutwa na watu wa jinsia yao, na wapo wanaovutwa na wote. Mvuto huo ndio mwelekeo wa kimapenzi.

Houda akaona amepata jibu la kwa nini Chabani hana mke. Bombani, wakichota maji, aliwaambia wenzake kwamba Chabani si hétérosexuel, ndiyo maana analala chumba kimoja na mwanamume.

"Kumbe we ni daktari wa mioyo," Fabiola, mmoja wao, akamcheka.

Lakini maneno yalifika kwa kaka zao. Vijana hao, waliolinda kizuizi cha barabarani, wakaanza kumzomea Chabani. Kisha wakachungulia dirishani wamwone huyo "mke" wake, wakamtambua. Sylvère alikuwa wa kabila walilokuwa wakiliwinda. Alikuwa amejificha pale asiuawe, basi.

Walirudi mchana na mapanga. Houda alimkimbilia baba yake, Massoudi, fundi magari, akamweleza yote, hata kosa lake. Massoudi aliwaita wanaume waliokuwa msikitini, wakasimama mlangoni kwa Chabani. Sylvère alipigwa rungu, lakini wanaume hao wakamwingiza katika gari la Massoudi akiwa hai. Pascaline alimfunga bandeji mkononi, na Massoudi akamvusha mpaka wa nchi hadi Uvira.

Houda alilia mbele ya Pascaline. "Tantine, mi nilisema tu vile ulitufundisha."

"Apana. Mi nilikufundisha maana ya neno, sikukutuma ulibandike kwa mutu. Moyo wa mutu hauonekani kwa dirisha. Kuvutwa na huyu ao yule si ugonjwa, si kosa, na si kitu cha kuchekea."

"Na Chabani, yeye anavutwa na nani?"

"Sijui. Akitaka atasema mwenyewe. Asipotaka, we nyamaza. Mambo ya mutu ukiyapeleka bombani, hujui nani atayachota."



Sylvère aliokoka. Gharama ilikuwa mkono wake wa kulia, ambao haukunyooka tena. Cherehani ya Chabani, iliyopondwa kwa mawe. Vioo vyote vya gari la Massoudi, vilivyovunjwa siku hiyo. Na Chabani mwenyewe, aliyehama Buyenzi bila kumuaga mtu.