Mguu wa Sheikh Sleyum

OMBI LA RUHUSA YA KWENDA MBIO NJIANI KWA MTU ASIYEFUKUZWA WALA ASIYEMFUKUZA MWENZAKE.

Hicho ndicho kichwa cha ombi ambalo Thani alilipeleka afisini mwenyewe, mwanzo wa baridi ya mwaka 1969. Muscat ya siku zile ilitaka ruhusa kwa kila kitu, na kukimbia ovyo lilikuwa jambo la kutiliwa shaka. Mkubwa wa afisi alilisoma ombi mara mbili, kisha akamtazama miguuni.

"Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu, bwana mkubwa. Nnafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kumkimbia nani?"

Ruhusa ikatoka, na masharti yake: asimpite mbio mtu mwenye cheo, asikimbie wakati wa sala, na jua likizama abebe kandili mkononi kama raia wengine wote, ili ajulikane kuwa ni mtu. Mzinga ukilia lango la mji hufungwa, na aliye nje atalala nje hata awe na mbio za swala.

Basi kila alasiri, akitoka kazini kwenye ghala la kampuni ya mafuta, Thani alivua kanzu, akabaki na kaptura ya skuli aliyokuja nayo kutoka Unguja. Akakimbia. Matrah, Ruwi, mpaka mashamba ya mitende ya Wattaya, na kurudi, kandili inamning'inia mkononi. Baridi ya Muscat haitetemeshi mtu, inamsalimia tu ikapita, lakini kwa mkimbiaji ni neema.

Hakukimbia kwa mapenzi. Kampuni ilikuwa na mbio zake za kila Januari, maili ishirini na sita, kutoka Matrah mpaka Seeb. Safari hii mshindi angepelekwa Bahrain kushindana, kwa hiyo lazima apewe paspoti, yeye na jamaa yake mmoja. Paspoti! Kwa watu walioondoka Unguja mwaka wa sitini na nne na nguo zao za mwilini, kitabu kile kilikuwa kikubwa kuliko nyumba. Mama yao alibaki Dar es Salaam kwa ndugu yake, na macho yalikuwa yanamwishia. Kila salamu yake ilikuwa moja: njooni nikuoneni kabla hayajafunga.

"Wewe kimbia tu," Hind, dada yake mkubwa, alikuwa akimwambia. "Hiyo Bahrain tutaipungia mkono. Sie twende kwa mama."

Katikati ya Disemba, kwenye mteremko wa Ruwi, kisigino chake kikalia. Ta! Kama uzi wa udi wa taarabu unaokatika. Thani alirudi mjini kwa mguu mmoja, akirukaruka kama kunguru.

Daktari alisema mshipa wa kisigino umechanika nusu, apumzike miezi mitatu. Thani akamuuliza kama miezi hiyo inaweza kufanywa kwa haraka. Wakajaribu mafuta ya nyonyo, samli ya moto, chumvi ya kukandia. Kila asubuhi akishuka kitandani alishika ukuta, na jasho la maumivu likamtiririka.

Ndipo jirani yao Kheiria, aliyejua dawa za watu wote isipokuwa ya mdomo wake, akasema:

"Mpelekeni Wattaya kwa Sheikh Sleyum. Huwapiga chuma cha moto ngamia na binadamu. Yule Aflah, goti lake nani alilitengeneza?"

"Aflah si kafa, Bi Kheiria?"

"Kafa kwa moyo. Goti lilikuwa zima."

Ilikuwa kweli. Aflah alikuwa rafiki wa Thani, na ndiye aliyeshinda mbio za mwaka uliotangulia. Alikata utepe, akapiga hatua moja zaidi, akaanguka maiti. Thani alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Lilikuwa jepesi mno... kama kubeba gogo la mtende lililokauka. Alilishangaa hilo, akalinyamazia.

Wakenda Wattaya, Thani juu ya punda wa kukodi, Hind ubavuni. Jua lilikuwa limebakia vileleni tu. Uwanja wa Sheikh Sleyum ulikuwa umefagiwa, na ngamia wamepiga magoti safu moja. Kila mmoja pajani ana alama ya kuunguzwa: mistari miwili imesimama, na nukta katikati. Hakuna aliyecheua.

Mwenyewe alikuwa kizee kidogo, safi, anayenukia udi. Tena, aliposikia Thani anamwambia dada yake "nnaumwa", akawasemesha Kiswahili, kile cha mabibi zetu.

"Karibuni, wanangu. Miaka mingi sijasikia mtu akisema *nna*."

Wakanywa kahawa. Kisha akauweka mguu wa Thani mapajani, akaubonyeza huku na huku, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Mguu mzuri huu, mashaallah."

Sasa, muungwana wa Unguja ukimsifia saa yake atakwambia "yako hiyo", na ukimsifia kofia ataivua. Ni adabu tu. Wewe hutakiwa ujibu "ibaki kwa mwenyewe", na mambo yanaishia hapo. Thani alilelewa hivyo.

"Wako huo, Sheikh," akasema.

Mzee hakusema ubaki kwa mwenyewe.

Akaukamata vizuri zaidi.

"Umesema?"

"Nnasema ni wako, Sheikh."

"Na wewe dada mtu, umesikia?"

"Nimesikia," Hind akajibu, na akatabasamu, maana aliona fahari kwa adabu ya mdogo wake.

Mzee akachomoa chuma motoni, kimeiva mpaka kimekuwa cheupe. Akakigandamiza juu ya kisigino, palepale kwenye mshipa.

Tssssss...

Thani alipiga ukelele mpaka sauti ikakatika. Harufu ya nyama yake mwenyewe ikamjaa kooni. Chuma hakikuondolewa. Kikazama. Na safu nzima ya ngamia ikageuza shingo kwa pamoja, kumtazama.

"Kimbia sasa," mzee alisema, akipuliza jeraha kwa upole. "Ukizimaliza mbio zako, njoo."

"Nije kufanya nini, Sheikh?"

"Utakuja tu."

Nyumbani Hind alifungua kitambaa, akaitazama alama. Mistari miwili na nukta. Hakupenda. Lakini maumivu yalikuwa yamekwisha, na mtu aliyepona hachunguzwi.

Thani akakimbia kama hajapata kukimbia. Alikwenda mpaka karibu na Seeb na kurudi bila ya kuhema, bila ya tone la jasho. Mguu mmoja tu ndio uliokuwa na moto. Ule wa pili ulikuwa ukikokotwa kumfuata mwenzake.

Magharibi moja, akirudi, mguu ukakata kona wenyewe.

Thani alitaka kwenda mjini. Mguu ulitaka Wattaya. Akaukumbatia mgunga uliokuwa njiani, na mguu ukamng'oa pale kwa nguvu hata ngozi ya viganja vyake ikabaki kwenye gome. Alikuwa akilia kwa sauti, na bado anakimbia, mpaka nyuma ya ua wa Sheikh Sleyum, palipo na kisima.

Kwiii... kwiii...

Lilikuwa gurudumu la mti, lile la kuvutia maji. Ng'ombe hufungwa kamba, akateremka mteremko, ndoo ya ngozi ikapanda. Akarudi juu, ndoo ikashuka. Thani akainua kandili.

Hakuwa ng'ombe.

Alikuwa Aflah. Kamba imempita kifuani, imekula nyama mpaka kwenye mbavu. Alikuwa akiteremka mbio, akirudi kinyumenyume, akiteremka tena. Nyayo zilikuwa zimekwisha. Kilichokuwa kikigonga mawe ni mfupa.

Ko... ko... ko...

"Aflah," Thani alinong'ona. "Wewe tumekuzika."

"Mlizika gogo." Midomo ilikuwa imepasuka, haikutoa damu. "Nilimaliza mbio... ndiyo akanichukua. Wewe usimalize, Thani. Nikate... palipo na alama..."

Kisu hakuwa nacho. Aliokota jiwe, akampiga gotini, juu ya ile mistari miwili. Akapiga tena. Akapiga mpaka goti likapasuka, likageuka nyuma. Aflah hakusimama. Aliteremka mbio kwa goti lililogeuka, macho yanachuruzika machozi, na gurudumu likalia vilevile.

"Mwanangu," sauti ikasema gizani, ya upole kabisa, "usiharibu mali ya watu. Nenda zako. Wewe bado."

Mguu ukamgeuza, ukamfikisha langoni kabla ya mzinga kulia.

Kheiria, alipoulizwa, alifunga dirisha kwanza. Wachawi wa huku, alisema, humchukua mtu akaonekana kafa. Kaburini hulala gogo la mtende, na mwenyewe hufanyishwa kazi. Kwa nini hakulisema hilo mapema? Hakuulizwa.

"Basi hukimbii," Hind akasema. "Na mama atatusamehe."

Usiku wa kuamkia mbio akachukua wembe aikate ile alama. Thani akalala kifudifudi, akauma mto. Wembe haujagusa ngozi, mguu ukaruka. Ulimpiga Hind mdomoni, akatema meno mawili. Akarudi, ukampiga ubavuni, mbavu ikalia. Thani alikuwa akimwomba radhi huku mguu wake ukimpiga.

Mwisho Hind alikaa ukutani, damu kidevuni, akawaza. "Mguu huu ukiwa umetulia unajilinda," alisema. "Ukiwa mbioni haujilindi. Unaangalia mbele."

Hata hivyo akajaribu kwanza kumfunga kitandani kwa kamba. Alfajiri kitanda kikavunjika, kisha mlango. Thani alifika Matrah na kipande cha mbao kimemning'inia kiunoni. Karani wa mashindano akampongeza kwa kuwahi, akamwagiza auache ubao, kwa sababu kanuni haziruhusu chombo.

Hind alipanda lori la maji, mtandio umefunika mdomo uliovimba. Njia nzima alimtazama mdogo wake akiwapita watu. Ruwi, Wattaya, kisha njia ya mchanga ya kandokando ya pwani. Vidole vya mguu ule vikapasuka, damu ikaruka mpaka mgongoni mwake. Uso wake ulikuwa wa mtu anayechinjwa. Watu wakashangilia.

Karibu na Seeb, utepe unaonekana, Hind aliruka kutoka kwenye lori. Wavuvi walikuwa wanakata papa juu ya magunia. Akamnyang'anya mmoja jisu lake, akakimbia nalo hadi njiani, akachutama.

Thani alikuwa anakuja. Peke yake. Hakuna wa karibu naye.

Na hapo, Mungu amsamehe, Hind aliuona uso wa mama yake. Hatua mia tu. Paspoti mbili. Labda mzee yule mwongo. Labda Aflah alikuwa ni ndoto ya mtu mwenye homa...

Jisu likashuka mkononi mwake.

"Da Hind!" Thani alipiga kelele. "Kata!"

Ko. Ko. Ko.

Aliusikia mlio ule wa kisimani, aliosimuliwa na Thani, kwa masikio yake mwenyewe.

Akakata.

Alilipitisha jisu kisigino kilipoinuka, akalivuta kwa mikono miwili kama anapasua papa. Mshipa ulikatika kwa kishindo. Thani akaanguka kifudifudi, na mguu ukaendelea kupiga mchanga, kushoto, kulia, ukimburura kuelekea kwenye utepe. Hind akaukalia. Ulimrusha, akaukalia tena. Akaitafuta ile alama kwenye damu, akaizungushia jisu, akaibandua na nyama yake.

Mguu ukatulia.

Mkimbiaji aliyefuata, dereva mmoja wa Kibaluchi, akawaruka wote wawili, akashinda. Kengele ikapigwa, maana aliyeishika aliambiwa apige atakapofika wa kwanza, na hakuambiwa kingine.

Katika zogo lile kizee kimoja kisafi, kinachonukia udi, kilipenya baina ya watu. Kikainama, kikaokota kile kipande cha nyama mchangani, kikakifunga katika leso nyeupe. Hind alimwona. Alilinyanyua jisu.

"Pole, mwanangu," mzee alisema. "Mimi si mwenye tamaa."

Akaenda zake na leso yake.

Kisigino cha Thani kilifunga kovu, kikafa ganzi. Ukikichoma sindano hakisikii. Lakini kila magharibi, popote alipo, hupata joto. Nyama iliyobaki huanza kucheza chini ya kovu, taratibu: inavuta, inalegea, inavuta, kama kamba ya kisima. Hind huuweka mguu ule mapajani, akaushika kwa mikono miwili mpaka giza liingie.

Kamati iliandika kwamba mshindani aliyekuwa akiongoza alizidiwa na jua. Ilikuwa Januari. Kilichotokea ni kwamba Hind alimkata mdogo wake mshipa wa mguu, hatua mia kabla ya mwisho, kwa kuwa yeye mwenyewe alimwomba. Mama yao alikufa mwezi wa Mei, haoni tena. Mwezi wa Julai Sultani akapinduliwa na mwanawe, nchi ikafunguliwa, na paspoti akapewa kila aliyeomba.