Vinanda vya Mzee Mathew

Alhamisi, saa tisa alasiri. Roret.

Chumba cha nyuma cha bucha kilinuka mafuta na damu iliyokauka. Watu watatu, meza moja, komeo mlangoni. Omariba, mwenye bucha na mwenye genge. Kiplimo wa Ndanai, dereva wa pikapu. Na Ombui, fundi wa redio, ambaye hakupaswa kuwa hapo hata kidogo. Mdomo uliponza kichwa. Alijisifu mbele ya watu kwamba vile vinanda vya umeme vya Mzee Mathew, vya miaka ya sabini, vinaliliwa na watu wa Nairobi. Kesho yake Omariba akaja kibandani kwake, akavuta stuli, akakaa. "Fundi, utanipeleka." Basi. Nani angemkatalia Omariba?

"Ni Jumapili," Omariba alisema. "Mzee ako kanisani saa nne mpaka saa saba. Tunaingia, tunatoa vinanda vitatu, tunaenda."

"Mchana hivyo?" Kiplimo aliuliza.

"Pikapu imebeba vinanda Jumapili, nani atauliza? Watasema ni kwaya."

Kiplimo akacheka. Ombui hakucheka.

"Halafu vinakaa kwa mamako Ndanai wiki sita, polisi wachoke kutafuta. Lakini mnunuzi anataka sauti. Hataki mbao." Omariba aliushika mkono wa kulia wa Ombui, akaulaza juu ya gogo la kukatia nyama. Akapapasa vidole kimoja kimoja. "Sauti ni kazi yako, fundi. Isipotoka, huu unabaki hapa."

Kwa vidole hivyo Ombui alitengeneza redio, na kwa hivyo hivyo alipiga kinanda kanisani. Hakuwa na kitu kingine duniani.

"Basi sikizeni," alisema. "Unyevu usifike. Betri zitolewe, zikivuja zinakula waya. Visipangwe kimoja juu ya kingine. Panya asikaribie kabisa, atatafuna nyaya. Na kila wiki mbili lazima niende niviwashe."

"Huendi."

"Lakini visipowashwa..."

"Nimesema huendi! Wewe ni mtu wa mdomo. Kiplimo ataangalia."

Kiplimo aliangalia kucha zake.

Jumapili, saa nne na nusu asubuhi.

Kufuli ya nyumba ya Mzee Mathew ilikatika mara moja. Ndani kulikuwa kukavu, na joto kidogo. Ukungu wa Roret hauna huruma, hata chumvi hulowa kabatini, lakini Mzee Mathew alikuwa na balbu inayowaka chini ya meza usiku na mchana, na vikapu vya makaa pembeni vya kunyonya unyevu. Kila kinanda kilivikwa shuka la pamba alilolishona mwenyewe. Miaka arobaini alivitunza hivyo, kama watoto wake wa kuzaa. Na Ombui alijifunzia kupiga humo humo, mzee akimshika vidole na kumwambia pole pole, kijana, pole pole. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Unaomba ama unabeba?" Omariba alimfokea.

Akabeba.

Saa tano kasorobo.

Akina mama wa vitambaa vyeupe waliwapungia mkono kando ya barabara. "Bwana asifiwe!"

"Amina, mama!" Omariba aliitikia, kiwiko nje ya dirisha. Jambazi, lakini adabu anayo, shetani huyu. Mwaka jana alichoma nyumba ya bibi kizee wa Soin kwa sababu kuku wake walisumbua. Kuku!

Wiki sita zikapita. Ombui alikonda. Kila Jumamosi alimpigia Kiplimo simu. "Viko salama?"

"Viko poa, fundi. Mathe anavichunga kushinda mahindi yake."

Wiki ya sita, Ijumaa, saa tatu asubuhi. Ndanai. Mnunuzi anafika saa nne.

Omariba alibaki uani akiongea na simu. Kiplimo alikuwa akibandua udongo mkavu kuzunguka mlango wa ghala.

"Mbona mmeziba na udongo?" Ombui aliuliza.

"Si ni mama. Ndivyo yeye hufanya."

Mlango ulipofunguka, harufu hafifu ikamgusa Ombui puani. Kitunguu saumu. Samaki aliyechacha. Katikati ya magunia ya mahindi, juu ya vinanda, kulikuwa na unga wa kijivu kwenye visahani. Mabaki ya vidonge vya kufukizia mahindi. Hewa yake inaua dumuzi, mdudu wa mahindi, inaua panya, na inakula shaba. Alishawahi kufungua redio iliyokaa kwenye ghala la namna hiyo. Haikupona.

Alifungua skrubu za kinanda cha kwanza. Nyaya zote zilikuwa nyeusi, zimeota ukoga wa kijani. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu alikiunganisha na umeme bila kukifungua, akiomba Mungu. Hata kukoroma hakikukoroma.

"Chamgei, wageni!" Mama Cheptoo, mamake Kiplimo, aliingia akifuta mikono kwa leso. Mwanawe alikuwa amemdanganya kwamba ni mali ya kanisa. "Hii vitu ya kanisa nimechunga mzuri. Kiplimo alisema panya isikaribie. Nikaweka dawa mara mbili! Hakuna panya imenusa."

"Asante, mama," Ombui alisema.

"Ngojeni niwaletee chai." Akatoka, amefurahi kabisa.

Omariba akaingia. "Washa."

Ombui akabonyeza swichi tena.

"Nimesema washa!"

"Vimekufa," Ombui alisema.

Omariba aliangalia nyaya, akaangalia visahani. Akauliza polepole, na hapo ndipo alipotisha. "Nani aliweka hii kitu?"

Kiplimo alitazama mlango aliotokea mamake.

"Ni fundi," akasema. "Ni yeye alinipa. Akasema ni ya panya."

Ombui alifungua mdomo. Hasira ilimjaa kifuani, karibu alie. Kisha akasikia vikombe vikigongana jikoni, na mama akiimba wimbo wa kanisa. Akamwazia bibi wa Soin.

"Ni mimi," alisema.

Omariba alimpigia mnunuzi, akamwambia arudi alikotoka. "Ingia pikapu. Tunarudi bucha."

Kiplimo alitangulia kushika usukani. Hakugeuza shingo.

Saa nne kasoro dakika tano.

"Kwani mnaenda bila chai?" Mama Cheptoo alisimama uani na trei. "Haiwezekani! Kwangu hakuna mtu hutoka hivyo. Fundi, hata wewe?"

Ombui alimtazama Omariba. Omariba akatazama saa, akaegemea mlango wa gari. Mbele ya mama wa watu, adabu ni adabu.

Ombui alipokea kikombe kwa mkono wa kulia. Chai ilikuwa ya moto, maziwa mengi. Alikunywa taratibu, akahesabu kila funda, mpaka akaona chini ya kikombe.

"Nikuongeze?"

"Niongeze, mama."